Amejuaje? Swali Dogo la Kufundishia Kusoma

Katika sinema nyingi hufika mahali ambapo adui humcheka shujaa na kumwambia: "Usimngoje tena mzee wako. Amekwisha kufa." Mzee huyo watazamaji hawajapata kumwona. Kifo chake hakikuonyeshwa. Hakuna tarishi aliyeingia mlangoni, wala barua iliyofunguliwa. Hapo mtoto mmoja miongoni mwa watazamaji huuliza kwa sauti: "Huyu naye amejuaje?" Aghalabu watu wazima humnyamazisha ili waendelee kutazama. Makala haya yanakusudia kumtetea mtoto huyo, na kuwaomba walimu wanafunzi wamwige wanapofundisha kusoma.

Swali la mtoto huyo ni gumu kuliko linavyosikika. Katika kila hadithi mna hazina tatu za ujuzi. Kuna ayajuayo mtunzi, ambaye anajua yote. Kuna ayajuayo msomaji au mtazamaji, ambaye anajua yale tu aliyoonyeshwa. Na kuna ayajuayo kila mhusika peke yake, ambaye hawezi kujua ila yaliyomfikia pale alipo. Msomaji mchanga huzichanganya hazina hizi. Hudhani kwamba alijualo yeye kila mhusika analijua, na kwamba lililosemwa na mhusika limekwisha kuthibitika. Atakapoanza kuuliza "Amejuaje?", huwa ameanza kuzitenga. Huo ndio mwanzo wa ufahamu.

Mazoezi ya ufahamu tunayoyaandika ubaoni, kwa bahati mbaya, hayamsaidii sana. Tunauliza: Nani alikufa? Alifia wapi? Alikufa lini? Mwanafunzi hupeleka kidole kwenye mstari, akainakili sentensi, akapata alama zote. Swali la "Amejuaje?" halinakiliki. Jibu lake halimo katika mstari mmoja. Hapana budi mwanafunzi arudi nyuma, aunganishe jambo na jambo, apime, kisha aseme.

Majibu yake kwa kawaida ni manne. Mhusika ameona kwa macho yake. Au ameambiwa na mtu mwingine. Au amekisia kwa dalili alizozikuta. Au hajui lolote, bali anadanganya. Liko jibu la tano, yaani kwamba mtunzi amesahau kutueleza; lakini mwalimu asiruhusu darasa kulikimbilia kabla ya kuyachunguza yale manne. Kusema "mtunzi amekosea" ni njia nyepesi ya kuacha kufikiri.

Wala isidhaniwe kwamba swali hili ni la sinema hafifu tu. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora kabla ya kwenda Makerere mwaka 1943, na aliyerudi baadaye kufundisha katika shule ya St. Mary's, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Juliasi Kaizari, ikachapwa kwa jina hilo mwaka 1969. Katika tamthilia hiyo Portia, mke wa Brutus, anafia mbali, nje ya macho yetu. Brutus anamweleza rafiki yake Cassius habari za msiba huo, naye amekwisha kuzipata. Punde anaingia Messala na kumwuliza kama amepata barua yoyote kuhusu mkewe. Brutus anajibu kwamba hakupata. Basi Messala anampasha habari za kifo kana kwamba Brutus anazisikia kwa mara ya kwanza. Wataalamu wameshindana kwa muda mrefu juu ya mahali hapa. Je, Brutus anaficha ajualo ili aonekane imara mbele ya watu wake? Au maandishi mawili ya mtunzi yaliunganishwa bila kusawazishwa? Mtoto wa darasa la tano akiuliza "Amejuaje?" huwa ameketi katika baraza moja na wataalamu hao.

Lakini mwalimu wa Tabora hana haja ya kwenda mpaka Roma kutafuta mfano. Mji wetu ulikuwa njiapanda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, Karagwe na Katanga. Zama hizo habari za kifo zilisafiri kwa miguu ya wapagazi. Msafara uliotoka bara ulikutana kambini na ule uliotoka pwani. Watu wakapika, wakala, wakapeana habari, asubuhi wakaachana. Kila habari ilikuwa na miguu yake, na aliyetaka kujua ukweli alilazimika kuuliza ilipita wapi. Kilomita chache kutoka mjini, pale Kwihara, limo tembe ambamo Henry Stanley na David Livingstone walikaa mwaka 1872. Habari za kifo cha Livingstone, za uongo na za kweli, zinatupa mifano ya majibu yetu yote manne. Nitaieleza kwa utaratibu, kwa sababu nimeitumia darasani kwa miaka mingi na nimeiona ikifaa.

Mfano wa kwanza ni wa anayedanganya. Mwezi wa Desemba 1866 watu kutoka kisiwa cha Anjouan, katika Komoro, walifika Unguja. Walikuwa wamefuatana na Livingstone kwenda Ziwa Nyasa. Mkubwa wao, Musa, alieleza kwamba bwana wao ameuawa na Mazitu. Alisimulia pigo la shoka, akasimulia jinsi yeye mwenyewe alivyojificha nyuma ya mti, na jinsi walivyorudi baadaye kuzika. Habari zikaenda mpaka London, na wengi wakaomboleza. Hata hivyo Edward Young, aliyemfahamu Musa tangu safari za mto Zambezi, hakuridhika. Mwaka 1867 alipanda na mashua mpaka Ziwa Nyasa, akawauliza wenyeji wa huko. Alikuta watu waliomwona Livingstone akiwa mzima, akiendelea na safari yake kupita mahali alipodaiwa kuuawa. Musa na wenzake walikuwa wamemwacha njiani kwa kuwaogopa Mazitu, na hadithi ya kifo ilikuwa kinga yao ya kurudi nyumbani bila lawama.

Ninapolisomesha tukio hili huwauliza wanafunzi: ni kitu gani kiliwafanya watu wamwamini Musa? Baada ya kitambo hujibu: ule mti. Kwa kuwa alijua kwamba ataulizwa "Umejuaje?", Musa alitayarisha jibu mapema, akajiweka mwenyewe ndani ya hadithi nyuma ya mti. Basi wanafunzi hujifunza kwamba kuwa na jibu si kuwa na ushahidi. Swali la pili hufuata la kwanza: je, kuna mwingine aliyeona?

Mfano wa pili ni wa aliyeambiwa. Livingstone aliondoka Kwihara tarehe 25 Agosti 1872. Alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walifanya shauri kwamba kifo kifichwe. Walikuwa wageni katika nchi ya watu, nao walichelea kutozwa faini au kudhuriwa kwa sababu ya maiti. Chuma akamwendea Chitambo kuomba ruhusa ya kujenga nje ya kijiji, bila kumwambia sababu. Ruhusa ikatolewa. Siku hiyohiyo mtawala huyo akatokea pale walipokuwa wakijenga, akamwuliza Chuma kwa nini hakumwambia ukweli, kwani yeye anajua kwamba bwana wao amekufa usiku.

Hapa ndipo sinema yetu ilipo hasa. Katika hofu ya wasafiri, Chitambo ndiye adui. Naye ametamka kifo ambacho hakukiona na ambacho kila mmoja aliahidi kukificha. Amejuaje? Mwambie mwanafunzi arudi nyuma katika kisa atafute nani alitoka kambini. Atakuta kwamba watu wawili walikwenda kununua chakula kwa wenyeji, na huko siri ikawatoka. Njaa ndiyo iliyofungua mlango. Lakini mwalimu asiishie hapo. Chitambo aliendelea kuwaambia wasiogope. Kwamba yeye naye amesafiri, amefika pwani zaidi ya mara moja, na anajua kwamba kifo huwapata wasafiri. Kisha akawasaidia kuomboleza. Kumbe aliyedhaniwa adui hakuwa adui. Katika kutafuta alivyojua, wanafunzi huja kujua yeye ni mtu gani, na faida hiyo ni kubwa kuliko jibu lenyewe.

Mfano wa tatu ni wa anayekisia kwa dalili, nao ulitokea hapahapa Kwihara. Watu wa Livingstone waliukausha mwili, wakauzika moyo chini ya mti kulekule, wakaanza safari ya kuurudisha pwani. Wakiwa njiani kuja Unyanyembe waliambiwa na wapita njia kwamba mtoto wa Livingstone amefika Tabora akimtafuta babaye. Jacob Wainwright, aliyekuwa amesomeshwa Nashik huko India, akaandika barua kwa Kiingereza kumpasha mtoto huyo kwamba baba yake amefariki, na kwamba watu wana njaa na wanaomba nguo za kununulia chakula. Aliuliza pia kama msafara upige bunduki utakapoingia mjini au usipige, kwa kuwa ilikuwa desturi ya misafara kuingia kwa mizinga ya furaha. Chuma akatangulia na barua, akaifikisha tarehe 20 Oktoba 1873.

Lakini mtoto wa Livingstone hakuwako. Aliyekuwako ni Luteni Verney Lovett Cameron, pamoja na daktari wake Dillon, nao walikuwa wagonjwa wa homa, Cameron akiwa nusu kipofu. Aliisoma barua kwa taabu. Iliandikwa kwamba baba yako amekufa. Wakaisoma tena wawili, na kila mmoja akawaza: je, ni baba yangu mimi? Maneno yote ya barua yalikuwa sahihi, na maana yake ilipotea. Haikupatikana mpaka Chuma alipoletwa mbele yao.

Huwauliza wanafunzi: Wainwright alijuaje kwamba mtoto yuko Tabora? Aliambiwa. Aliyemwambia alidanganya? Si lazima. Mtoto mmoja wa Livingstone, jina lake Oswell, kweli alikuja Unguja mwaka 1872 pamoja na msafara wa kumtafuta babaye, akarudi kwao bila kuingia bara. Mwaka uliofuata kweli Waingereza walifika Tabora kwa kazi hiyohiyo. Kweli mbili zilikutana njiani zikazaa kosa moja. Hivyo ndivyo uvumi mwingi unavyoumbwa, nao hauhitaji mwongo hata mmoja. Na ni vizuri mwanafunzi aone pia dawa iliyotumika: walimwita mchukuzi wa barua wakamwuliza.

Mfano wa nne ni wa aliyeona kwa macho yake, na wengi hutazamia kwamba huu utakuwa rahisi. Cameron alishauri maiti izikwe Unyanyembe. Susi na Chuma walikataa, wakaendelea na safari. Walipofika Kasekera, mashariki ya hapa, wenyeji walizuia maiti kupita katika nchi yao. Wasafiri wakafanya hila. Waliufunga mwili upya ukafanana na mtumba wa kawaida wa nguo. Kisha wakachukua mabua ya mtama, wakayaviringisha kwa nguo mpaka yakawa na umbo la maiti, wakawatuma watu sita wayachukue kurudi Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika. Usiku watu hao wakayatupa mabua porini, wakatawanyika, wakaufuata msafara kwa siri. Mwili ukafika Bagamoyo Februari 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka huo ukazikwa Westminster Abbey.

Mkazi wa Kasekera aliyeulizwa jioni ile, "Umejuaje kwamba maiti imerudi Unyanyembe?", angejibu kwa kiapo: "Nimeiona." Naye asingekuwa mwongo. Aliona kitu kilichofungwa. Mengine aliyaongeza mwenyewe. Wanafunzi hupenda sana kisa hiki, nao hucheka. Wakimaliza kucheka huwataka watenganishe katika safu mbili ubaoni: yale aliyoyaona jicho, na yale aliyoyaongeza moyo. Safu ya kwanza huwa fupi sana.

Sasa nieleze kwa nini ninalishikilia swali hili kama mtu anayelinda shamba. Mwaka 1986 nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya kijijini, mwendo wa saa chache kutoka mjini. Mwalimu mwanafunzi alikuwa akifundisha darasa la tano kisa cha Chitambo. Alifundisha vizuri, aliandika "Amejuaje?" ubaoni, na chini yake yale majibu manne. Watoto wakawapata wale wanunuzi wa chakula. Ndipo msichana mmoja wa kiti cha nyuma akasimama akasema: "Mwalimu, na yule mganga aliyesema kwamba bibi ndiye aliyemwua mtoto wa jirani, yeye amejuaje?"

Darasa likawa kimya. Mtoto mchanga alikuwa amefariki kijijini mwezi uliopita, jambo nililolijua baadaye. Jamaa walikwenda kupiga ramli, na jina la kikongwe mmoja lilikuwa likinong'onwa. Msomaji wa makala haya anajua minong'ono kama hiyo huishia wapi. Katika mikoa ya Tabora, Shinyanga na Mwanza, tangu miaka ya 1970 hata kuingia karne hii, vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa ushahidi wa macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu.

Mwalimu yule kijana alinitazama. Sikusema neno, kwa kuwa darasa lilikuwa lake. Hakumkemea msichana, wala hakumtukana mganga, ambaye huenda alikuwa na jamaa zake mlemle darasani. Aligeukia ubao akasema: "Tulijibu swali hili kwa Chitambo. Tulijibu na hili kwa njia ileile. Je, aliona?" Watoto wakasema hapana, hakuwako. "Aliambiwa na aliyeona?" Wakatazamana, hakuna aliyeweza kumtaja. "Alikisia kwa dalili gani?" Mvulana mmoja akasema, polepole, kwamba mtoto alikuwa na homa na kuharisha. Mwalimu akaiandika dalili hiyo. Jibu la nne hakulitaja. Lilikuwa limekwisha kuandikwa, na kila mtoto alikuwa akilisoma. Kisha kengele ikalia.

Sidai kwamba kipindi kimoja cha dakika arobaini kilimwokoa mtu. Najua tu kwamba wiki tatu baadaye, nilipopita tena kukagua, bibi yule alikuwa ameketi barazani kwake akichambua karanga, na watoto wawili wenye sare za shule wakimsaidia. Na najua kwamba msichana yule asingeuliza swali lake kama angekuwa amefundishwa kunakili mistari tu.

Yafaa niseme mambo matatu ya utendaji kwa wale wanaotaka kuijaribu njia hii.

Kwanza, anza na hadithi za kubuni, wala usianze na mambo ya kijijini. Ngano ya Sungura na Fisi inatosha: Fisi anajuaje kwamba Sungura yumo shimoni? Mtoto ajizoeze mahali ambapo kukosea hakumdhuru mtu. Kutoka ngano mpeleke kwenye historia, na kutoka historia atafika mwenyewe kwenye maisha yake. Huna haja ya kumsukuma.

Pili, mfundishe kuuliza kwa adabu. Katika malezi yetu, mtoto akimwambia mkubwa "Umejuaje?" huonekana amekosa heshima. Mfundishe kusema: "Shikamoo babu. Naomba unieleze, habari hizi zilikufikiaje?" Wazee wa Unyamwezi waliolelewa na simulizi za misafara hawachukizwi na swali la namna hiyo. Wengi hufurahi, kwani kumwuliza mtu habari ilipotoka ni kumpa nafasi ya kusimulia upya.

Tatu, likubali swali hilo likigeuzwa kwako. Siku moja utasema darasani kwamba jambo fulani lilitokea mwaka fulani, na mtoto atauliza: "Mwalimu, umejuaje?" Mjibu kwa ukweli. Kama umesoma kitabuni, kitaje kitabu. Kama umesikia kwa mwalimu wako, sema hivyo. Cheo chako hakitapungua. Livingstone mwenyewe ninamjua kwa sababu wafuasi wake walisimulia na wengine wakaandika. Sikumwona, wala mwalimu wangu hakumwona. Kumwambia mtoto hivyo ni kumwonyesha njia yote, kutoka kambi mpaka kambi, ili siku moja aipite peke yake.

Tumezoea kupima darasa la kusoma kwa wingi wa mikono inayonyanyuliwa kujibu. Jaribu, kwa muhula mmoja, kuhesabu mikono inayonyanyuliwa kuuliza. Wiki ya kwanza itakuwa miwili au mitatu, na mingine itashuka kabla hujaiita. Ngoja. Usijaze ukimya ule kwa maneno yako. Mtoto aliyezoea kunyamazishwa huhitaji muda kuamini kwamba safari hii anasikilizwa.